Risiti za Minneapolis, Risiti za Houston

Mke wangu ndiye aliyeshinda. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia watu "tulishinda green card", naye alikuwa akinyamaza kwa adabu. Hatukushinda. Alishinda yeye. Jina lake ndilo lililokuwa juu ya karatasi ya bahati nasibu, picha yake ndiyo iliyobandikwa, na mimi nilikuwa mstari wa chini, mume, pamoja na watoto wawili. Bahasha ilipoingia nyumbani kwetu Hayes, London, ghorofani juu ya duka la kufulia nguo, niliishika kwanza kwenye mwanga wa dirisha nione kama kuna kitu kimefichwa ndani. Miaka ile ya mwisho ya tisini barua za kukwambia umeshinda zilikuwa nyingi, na zote zilitaka utume hela kwanza. Hii haikutaka hela papo hapo. Jambo hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Kabla ya London nilikuwa mkaguzi wa bei. Vijana hawaamini kwamba kazi hiyo iliwahi kuwepo. Ilikuwepo. Miaka ile ya foleni serikali ilipanga bei ya sukari, ya sabuni, ya betri, ya khanga, na kila duka lilitakiwa kubandika orodha ukutani. Mimi nilipita na begi la ngozi na kalamu mbili. Ukutani bei ilikuwa halali siku zote. Sukari ndiyo haikuwepo. Sukari ilikuwa uvunguni, na bei yake ilikuwa nyingine. Nilijifunza mapema kutomwuliza mwenye duka chochote. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikangoja mteja atoke, nikaangalia kikapu. Kikapu hakina mdomo wa kudanganya. Siku moja nilimwinua mama mgonjwa kitandani kwake nikakuta katoni kumi na mbili za sabuni chini yake, na ofisini wakaniandikia barua ya pongezi ambayo niliitia kwenye fremu.

Biashara ilipofunguliwa, orodha zikabanduliwa na ofisi yetu ikafungwa. Nikaja London kwa kozi fupi, kozi ikaisha, nikabaki. Mke wangu akanifuata, akapata kazi hospitalini, mimi nikapata kazi kwenye ghala la vyakula vya ndegeni karibu na uwanja, kukagua matoroli kabla hayajapakiwa. Nchi ilikuwa nyingine, tabia ilikuwa ileile.

Sasa, mtu akikubaliwa kwenda Marekani, swali la kwanza analoulizwa na kila mtu ni mji gani. Sisi tulikuwa na miji miwili. Wa kwanza ulikuwa Houston. Huko aliishi mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye kwetu ni mdogo wangu tu, hatuna neno lingine. Wa pili ulikuwa Minneapolis. Huko aliishi dada mkubwa wa mke wangu, shemeji yangu, aliyemlea mke wangu tangu mama yao alipofariki na kumlipia ada mpaka akamaliza chuo cha uuguzi. Shemeji alikuwa na mume dereva wa malori, watoto wawili wa kiume, na nyumba ya vyumba vitatu yenye ua. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi, na picha ya nyumba hiyo ilikaa juu ya televisheni yetu.

Mke wangu alitaka Minneapolis. Mimi nilitaka Houston, lakini sikusema "nataka". Nilisema "tulinganishe gharama za maisha", maneno ambayo mtu yeyote mwenye akili hawezi kuyapinga.

Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni, ambayo kwao ni saa sita mchana, nilikwangua kadi ya simu niliyoinunua Southall, mtaa wa jirani, na kupiga miji yote miwili, mmoja baada ya mwingine, kwa maswali yaleyale.

"Kaka, huku ni kama bure," alisema mdogo wangu. "Rent unacheka. Nyama wanakupa mpaka unachoka kutafuna. Petroli rahisi kuliko maji. Njoo tu, usimsikilize mtu."

"Na umeme?"

"Umeme wa nini, kaka? Huku jua lipo."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alikuwa akiutembeza mji mzima. Nilijua kwamba penye jua la namna hiyo pana kiyoyozi, na kiyoyozi hakinywi maji ya bomba.

Shemeji yeye alikuwa kinyume chake. "Shemeji, huku ghali, nisikufiche. Heating peke yake inakula mshahara. Uwanunulie watoto makoti, mabuti ya theluji, glovu, na wanapoteza glovu kila wiki. Kwa nini msikae huko huko? London mmeshaizoea."

Katika ukaguzi tulikuwa na kanuni ambayo haikuandikwa popote: anayekupunguzia bei bila kuombwa anakuuzia kitu kibovu, na anayekupandishia hataki ununue. Kwa hiyo mdogo wangu alitutaka kwa sababu asiyoisema, na shemeji hakututaka kwa sababu asiyoisema. Haya, yote hayo yalieleweka. Lisiloeleweka lilikuwa mke wangu. Mwanamke anaambiwa wazi na dada yake mwenyewe "msije", na bado anataka kwenda hukohuko. Hapo hesabu ilinikatalia.

Kisha yalianza mazungumzo ya Kihaya. Mimi ni mtu wa Tanga, na lugha ya kwao mke wangu sikuwahi kuijua zaidi ya salamu na matusi mawili. Zamani yeye na dada yake walizungumza Kiswahili, nami nilipita pale na kutia neno langu la utani. Sasa nikiingia sebuleni, mke wangu alihamia Kihaya katikati ya sentensi. Lakini mtu wa London hawezi kuzungumza lugha ya nyumbani bila kutumbukiza Kiingereza, na maneno hayo yalidondoka sebuleni kwangu moja moja. *Court.* *Lawyer.* Kihaya kirefu, halafu *lawyer* tena.

Pale ghalani tulikuwa na Watanzania na Wakongo kadhaa, na kila mmoja alikuwa na hadithi ya mwanamke aliyefika Marekani na karatasi zake, akamfungulia mumewe mlango na kumwonyesha barabara. Nilikuwa nikizicheka hadithi hizo. Baada ya kulisikia neno *lawyer* mara tatu, niliacha kuzicheka. Mke wangu alikuwa ameanza kuweka vyeti vyote kwenye faili la plastiki, cha ndoa, vya kuzaliwa, vya shule, na faili hilo lilikaa upande wake wa kitanda. Nilipomwuliza kwa nini upande wake, alinishangaa. "Kwa sababu ndiko ninakolala," alisema. Jibu hilo nililitafakari siku nne.

Niseme tu wazi: niliogopa. Sikuwa na ushahidi wowote, lakini niliogopa kama ambavyo sijawahi kuogopa kitu kingine, na kwa kuwa mwanaume wa umri wangu hajui kumwambia mkewe "naogopa utaniacha", nilikwenda kutafuta bei ya mayai.

Kwenye barabara kuu ya Southall, juu ya duka la nguo za harusi, palikuwa na kafe ya intaneti. Mwenyewe alikuwa mama wa Kipunjabi aliyezaliwa Nakuru. Akanionyesha tovuti ambayo unaandika mji huu na mji ule, halafu inakwambia upi ni ghali na kwa kiasi gani. Ikasema Minneapolis ni ghali kidogo kuliko Houston.

"Nani kawapa bei hizi?" nikamwuliza.

"Computer."

"Computer imekwenda sokoni?"

"Mzee, wewe lipa half hour yako, wacha maneno mingi."

Nilichapisha ukurasa ule na kuusoma ndani ya basi mpaka Hayes. Walikuwa wamehesabu bei ya kusafisha suti, bei ya kukata nywele saluni, bei ya mchezo wa kuviringisha mipira. Bei ya unga haikuwepo. Nauli ya basi haikuwepo, kana kwamba Marekani nzima kila mtu amezaliwa na gari. Nikaona huyo aliyeandika hakuwahi kusimama ng'ambo ya barabara akamngoja mteja. Nikaamua kukagua mwenyewe.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na nililifanya kwa ustadi. Ningemtuma mke wangu amwombe dada yake risiti, angekataa. Lakini mimi na shemeji tuna utani. Kwetu mtu na shemeji yake wanaruhusiwa kusemana ovyo, kunyang'anyana chakula mdomoni, na anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Basi nikamwandikia barua ya utani. "Shemeji mpendwa, mkaguzi wako wa wilaya anakusalimu. Unatakiwa kumletea risiti zako zote za wiki mbili, hata ya peremende, ama sivyo duka lako litafungwa." Nikachora na muhuri chini. Barua hiyohiyo, bila muhuri, nikamtumia na mdogo wangu wa Houston. Nilijua shemeji hawezi kukataa. Akikataa utani, atakuwa amekiri kwamba ana cha kuficha. Mlango wa utani hauna kufuli, nami nilipita hapo huku nikicheka.

Risiti za Houston zilifika kwanza. Zilikuwa tatu, ndefu, zenye nyama nyingi sana, za siku moja, na kila moja ilikuwa imelipiwa kwa kadi tofauti. Mdogo wangu alikuwa ameziokota kwenye matoroli nje ya duka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikamwonyesha mke wangu, nikasema, "Huyu mtoto ni mwizi tangu utotoni, anatafuta mtu wa kugawana naye rent." Nikamsamehe palepale. Sikuliona hilo wakati ule, jinsi nilivyomsamehe upesi.

Za Minneapolis zilikuja baada ya wiki moja, kumi na moja, zimekunjwa vizuri, zimepangwa kwa tarehe. Shemeji hakuokota za mtu. Alikuwa mwaminifu kuliko mlipa kodi yeyote niliyewahi kumkagua. Siku ya mapumziko, mke wangu akiwa kazini na watoto shuleni, nikazitandaza mezani na kuchukua kalamu.

Bei zilikuwa za kawaida. Kwa vitu vingi zilikuwa chini ya zetu za Hayes. Nikasema moyoni, *ghali, eh?* Nikaendelea. Halafu nikaacha kusoma bei nikaanza kusoma kikapu.

Maziwa, painti moja. Siku nne baadaye, painti moja. Mayai sita. Mkate mdogo. Mapaja mawili ya kuku. Kopo moja la maharage. Supu za kopo, zile za bei ya chini. Katika wiki mbili nzima hapakuwa na nafaka za asubuhi, wala juisi, wala biskuti, na nyumba hiyo ilikuwa na wavulana wawili wanaokua. Hapakuwa na wembe. Hapakuwa na kitu chochote anachonunuliwa mwanaume. Na saa iliyochapwa juu ya kila risiti ilikuwa ileile, kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Shemeji alikuwa ametuambia anafanya kazi ya ofisini. Mtu wa ofisini hanunui mapaja ya kuku alfajiri siku tano au sita kwa wiki. Hiyo ni saa ya mtu anayetoka kazini, aliyekesha akisafisha majengo ya watu wengine.

Nilifurahi. Sina namna nyingine ya kulisema. Miaka kumi sikuwa nimekamata mtu, na pale mezani nilijisikia nina umri wa miaka thelathini, begi la ngozi begani. Nikaandika matokeo kwenye karatasi, nambari moja mpaka nambari saba.

Jumapili ikafika. Mke wangu alikuwa jikoni, mlango wazi, anakaanga samaki. Nikakwangua kadi, nikampigia shemeji, risiti zote mbele yangu, nikaanza kwa sauti ya utani.

"Shemeji, ofisi ya mkaguzi imepokea vielelezo."

"Haya, mkaguzi. Nimepita au nimefeli?"

"Kuna mambo hayajakaa sawa. Maziwa painti moja kwa watu wanne? Wanangu huko wanakunywa maji?"

Akacheka kidogo. Nami nikaendelea, kwa sababu aliyezoea kuvuta kamba hawezi kuiachia ikianza kuja. "Mayai sita kwa wiki. Wembe hamna. Shemeji, huyo mume wako siku hizi amefuga ndevu? Na hiyo saa kumi na mbili na dakika arobaini, ni ofisi gani inafungwa alfajiri?"

Nilisikia tu hewa ya simu, ule mvumo wa mbali. Jikoni mafuta yalikuwa yakichachatika, kisha nikasikia mke wangu amezima jiko.

"Shemeji," alisema mwishowe, taratibu, "kadi yako itaisha." Akakata.

Kadi ilikuwa na dakika arobaini bado. Nikageuka. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Dada yako hana mume," nikamwambia, na naikumbuka sauti yangu, ilikuwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ofisini. "Na watoto hawako pale. Anatudanganya. Ushahidi huu hapa."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba hana mume. Mume ameondoka na watoto, yuko jimbo lingine, wako mahakamani mwaka wa pili huu. Nyumba waliuza. Dada anaishi basement, chini ya nyumba ya mama mmoja wa kanisani, chumba kimoja. Hela yote inakwenda kwa lawyer."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata alikuwa amelala ubavuni kwangu miezi yote hiyo. Nikauliza swali la kijinga. Nikauliza kwa nini sikuambiwa.

"Alinisihi nisimwambie mtu. Na wewe hasa."

"Mimi hasa? Mimi si shemeji yake?"

"Kwa sababu wewe ukiambiwa kitu hakikutoshi, unataka na ushahidi wake." Aliweka mwiko juu ya meza, juu ya risiti, na mafuta yakazilowanisha. "Alinilea, akanisomesha, sisi wote nyumbani tunamwita mama. Ameanguka, na hakutaka kuonekana ameanguka. Ndiyo maana anasema ghali. Kila siku anatuambia ghali, msije, ili tusimwone. Na ndiyo maana mimi nataka kwenda. Baba watoto, mimi sikuwa nachagua mji."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningekuwa na cha kujibu. Alirudi jikoni, akawasha jiko, akamalizia samaki wake, na tukala wanne kimya mpaka binti yetu akauliza kwa Kiingereza nani amekufa.

Jumapili iliyofuata simu ya shemeji iliita bila kupokewa. Na iliyofuata vivyo hivyo. Mke wangu naye alijaribu katikati ya wiki, hakupata kitu. Tulikuwa tumeshafanyiwa mahojiano ubalozini, visa zilikuwa ndani ya pasipoti, na visa hizo zilikuwa na siku zake za kuisha. Jioni moja, akiwa anapiga pasi sare yake ya hospitali, mke wangu aliniambia bila kuinua macho kwamba yeye na watoto wangeondoka kabla ya Pasaka.

"Na mimi?"

"Wewe kuna Houston. Umesema huko rahisi."

Alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimetafuta miezi mitano ushahidi kwamba mke wangu anataka kuniacha, nikaukosa, kisha nikautengeneza kwa mikono yangu. Nilikaa kwenye kochi nikijaribu kujitetea moyoni. Nikasema, nilikuwa naangalia maslahi ya familia. Uongo. Houston nilikuwa siipendei petroli yake. Houston nilikuwa naipendea kwa sababu huko ningefika nikiwa kaka mkubwa, na Minneapolis ningefika nikiwa mume wa aliyeshinda, mgeni kati ya dada wawili wanaoongea lugha nisiyoijua. Hiyo ndiyo ilikuwa bei niliyoikataa, na haikuwa kwenye risiti yoyote.

Shemeji alikuwa hapokei simu za Jumapili kwa sababu alijua ni sisi. Lakini mimi nilijua kitu kingine kumhusu ambacho mtu mwingine hakukijua. Nilijua anatoka dukani saa kumi na mbili na dakika arobaini, na basi au miguu, saa moja asubuhi atakuwa ameingia ndani. Saa moja yao ni saa saba mchana yetu, wakati wetu wa kula ghalani. Jumatano moja nikaacha chakula changu, nikaenda kwenye simu ya ukutani karibu na vyumba vya kubadilishia nguo, nikapiga. Ikapokewa ilipoita mara ya pili.

"Shemeji, ni mimi."

"Najua ni wewe," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka, nyuma yake maji yalikuwa yanachemka. "Nani mwingine anajua saa ninayoingia?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Yalipotea yote. Nikasema nisamehe. Nikasema tena. Watu walipita na matoroli, mmoja akanigonga begani kunisalimu, sikumwona ni nani.

"Unataka kujua nini leo?" akauliza. "Kodi? Nikutajie kodi?"

"Hapana, shemeji."

"Mia mbili na hamsini kwa mwezi, heating ndani yake. Choo tunashea. Dirisha liko juu, naona miguu ya watu. Kitanda nilipewa na kanisa. Friji ni ile ndogo, ya hotelini." Alikuwa akitaja kimoja kimoja, polepole, bila hasira, hata nisivyouliza. Nikamwambia inatosha. Hakuacha. "Watoto nazungumza nao Jumamosi, dakika ishirini. Mkubwa siku hizi Kiswahili anakisikia tu, ananijibu Kiingereza. Koti ninalo moja." Wenye maduka walikuwa wakifanya hivyo, nikishakuta kitu cha kwanza. Walianza kunionyesha wenyewe, kabati kwa kabati, mpaka nguo za wake zao. Wakati ule nilidhani ni woga wa faini.

Nilingoja mpaka akamaliza. Kisha nikamwambia wanakuja, mdogo wake na watoto, kabla ya Pasaka, na watatafuta nyumba wakiwa hukohuko, yeye akae nao.

"Chumba kimoja, shemeji. Hamtaenea."

"Wataenea."

"Unasema wataenea. Wewe huji?"

"Kama utanikubali."

Nikamsikia akiyaepua yale maji yake. "Mimi ni nani wa kukukubali," alisema. "Mwulize mke wako." Safari hii hakukata simu. Alisubiri mimi nikate.

Nilimaliza zamu, nikashuka basi kituo kimoja kabla, nikatembea. Nyumbani masanduku yalikuwa yametolewa, matatu yamefunguliwa sakafuni, na mke wangu alikuwa amepiga magoti akipanga sweta za watoto. Nikasimama mlangoni na koti langu la kazini. Nikamwambia nimempata dada yake, na kwamba amepokea. Mikono yake ikasimama.

"Kasemaje?"

"Kasema kuhusu mimi nikuulize wewe."

Aliendelea kukunja sweta moja, akaikunjua, akaikunja upya. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kungoja jibu bila kuangalia mikono ya mtu inaficha nini.

"Tukifika kule," alisema, "friji ya dada usiifungue. Ukiwa na njaa, niambie mimi."

Nikasema sawa.